Hongereni, Makatekista wa Mbulu na Hanang

Padre mmoja, vigango vingi: ndivyo Jimbo Katoliki la Mbulu, lililoundwa mwaka 1953, linavyoishi, na anayeziba pengo ni katekista. Hufundisha wakatekumeni, huongoza ibada ya Jumapili, huwafariji wafiwa. Krismasi inapofika, wafugaji wa Kiiraqw na Kidatoga hawahitaji kuelezwa kwa nini habari ya Bethlehemu iliwafikia kwanza watu waliokesha nje na mifugo. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na kuua watu wengi, Noeli ilikuwa wiki tatu mbele. Kwa katekista, kuwatangazia waliofiwa kwamba Mungu yu pamoja nasi kulitaka imani ya kweli. Waumini, sifa pekee haitoshi: wasaidieni makatekista nauli, mbegu na ada za watoto wao.