Wahitimu wa Mlimani Ndani ya Nyumba ya Bin Jelmood

Nimetoka makumbusho ya Nyumba ya Bin Jelmood saa tatu tu zilizopita na moyo bado unanienda mbio, kwa hiyo mnisamehe nikiandika kwa pupa. Nendeni! Kama unaishi Doha, au hata unapita siku moja tu ukisubiri ndege, panda metro, shuka Msheireb, ingia. Kiingilio ni bure.

Siku yenyewe ilipangwa kuwa ya kula. Sisi tuliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulio huku, walimu, wauguzi, wahandisi, tulikubaliana kukutana kisiwani The Pearl, yaani Lulu, pale Porto Arabia zinapoegeshwa boti za matajiri, tukumbushane Mlimani: Ukumbi wa Nkrumah, foleni za kafeteria, ngedere walioiba mikate mabwenini. Dada mmoja aliyesomea historia ndiye aliyeng'ang'ana. Jamani, kabla hatujala kwenye kisiwa kiitwacho Lulu, twende kwanza tukawaone walioizamia hiyo lulu. Dada yangu, Mungu akuzidishie!

Msheireb kuna nyumba nne za kale zilizofanywa makumbusho mwaka 2015. Hii ya Bin Jelmood ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Humo humo alimofanyia biashara, Qatar imeamua kusimulia utumwa wa Bahari ya Hindi kwa mdomo wake yenyewe, mpaka ulipopigwa marufuku hapa mwaka 1952. Mwaka 1952! Wazazi wa baadhi yetu walikuwa wameshazaliwa. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, basi, tukafunga na daftari. Kumbe watu waliendelea kuvushwa, kwa sababu mwisho wa karne ile Ulaya na Marekani ziliingiwa na wazimu wa lulu na tende, na Ghuba ikataka mikono.

Na kazi ya lulu yenyewe ilikuwaje? Kiangazi chote, miezi kama minne ya jua kali, watu wamesongamana chomboni. Mpiga mbizi anabana pua kwa kibanio cha pembe au gamba la kasa, anaweka mguu kwenye jiwe lililofungwa kamba, anashuka nalo. Chini anakwangua chaza, anajaza kikapu cha shingoni, pumzi ikimwishia anatikisa kamba, aliye juu anamvuta. Anapumua kidogo, anashuka tena. Mara nyingi kwa siku. Aliye huru alikuwa amezama kwenye deni kabla hajagusa maji, na mtumwa akipata fungu lake, bwana wake ndiye anayelichukua.

Mkubwa wa chombo aliitwa nani? Nakhuda. Nahodha! Dada alipolitamka sote tuligeuka kwa pamoja, kana kwamba ametuita majina. Bahari ni ile ile moja, na neno limekaa pande zote mbili.

Mzee wetu, mwenyeji wa Rufiji, akatuongezea la kwake. Nyumba za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokatwa kwenye delta ya kwao na kule Lamu, zikaletwa na majahazi ya kusi. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Hebu fikirini! Mwarabu wa Doha alilala katika chumba kilichopimwa na mti wa Rufiji. Nimeishi hapa miaka sita bila kulijua hilo, na nililipenda kuliko kitu kingine chochote nilichosikia leo.

Kuna filamu zinazorushwa ukutani, na kuna sehemu ya utumwa wa siku hizi, ambayo naomba msiipite haraka. Mfanyakazi yeyote wa ugenini atajua kwa nini. Jirani kuna Nyumba ya Kampuni, iliyokuwa ofisi ya kampuni ya kwanza ya mafuta. Lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa 1929 zilipoivunja biashara ya zamani, watu wa bahari walihamia visimani Dukhan, na wakongwe hao ndio wanaosimuliwa humo. Nayo ni nzuri mno, ila mimi nilikuwa nimeshajaa.

Jioni tukafika The Pearl. Hekta 400 za kisiwa kilichomwagwa na binadamu, juu ya maji waliyozama watu wa kwetu. Samaki akaja, wali ukaja, na stori za ngedere hazikutoka. Mzee alikuwa anaangalia maji kati ya boti mbili nyeupe. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Hapa kina chake ni pima ngapi?" Hakuna aliyejua. Kijana mmoja mhandisi akainuka kwenda kumuuliza mlinzi wa gati.

Jumamosi narudi, na wanangu wote wawili nakwenda nao.