Nani Ameangusha Mpira? Uhakiki wa Msamiati wa Mashabiki wa Mpira wa Wavu Namtumbo

Makala haya hayakusudii kufundisha mpira wa wavu, wala mwandishi si mwalimu wa mchezo huo. Yanakusudia kuchunguza maneno ambayo mashabiki huyatumia wanapojadili kushindwa kwa timu waipendayo, na kuonyesha kwamba upungufu wa istilahi unaweza kumdhulumu mtu. Jambo hili huenda likaonekana dogo mbele ya istilahi za sheria, kilimo na tiba. Hata hivyo, msomaji atakubali kwamba watu wengi wa nchi hii huzungumza habari za michezo kila siku kuliko wanavyozungumza habari za mahakama, na lugha inayotumika kila siku haistahili kuachwa bila kuhakikiwa.

Namtumbo ni wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002, nayo iko katika barabara iendayo Tunduru. Huko, kama ilivyo mahali pengi mkoani Ruvuma, mpira wa wavu ni mchezo wa shule na vyuo, kwa kuwa kiwanja chake hakidai mali nyingi: nguzo mbili, wavu, na mistari ya kugawa eneo la mita 18 kwa 9. Mwandishi alibahatika kufuatilia michezo ya timu ya wanaume ya chuo kimoja, ambacho hatutakitaja jina. Vijana wale walikuwa warefu, wepesi, na wenye mikono mizito. Kila mtu alitarajia wangerudi na kikombe. Badala yake walipoteza michezo mitatu mfululizo, yote kwa seti 3 kwa 2, na jioni za wiki ile zikawa za mabishano.

Katika mabishano hayo hoja zilikuwa nne. Wa kwanza walisema vijana wana vipaji lakini hawana moyo. Wa pili walisema wamelogwa. Wa tatu walisema mwalimu wao hajui kazi. Wa nne, na hawa ndio waliosikika zaidi, walisema kwamba mmoja wao, yule anayewainulia wenzake mpira karibu na wavu, ameuza mchezo. Kijana huyo hakuonekana tena mazoezini muhula ule.

Hoja yetu ni moja. Mashabiki wale hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na chuki. Walikuwa wameazima msamiati wa mpira wa miguu na kuutumia kwa mchezo ambao haufanani nao, na msamiati ule wa kuazima ukawalazimisha kumtafuta mkosaji mmoja. Tuyatazame maneno yenyewe.

Neno la kwanza ni kufungwa. "Tumefungwa tena, bwana," ndivyo kila mazungumzo yalivyoanza. Katika mpira wa miguu neno hili lina maana kamili: kuna lango, kuna mlinda mlango, na mpira ukipita, yupo aliyepitwa. Mpira wa wavu hauna lango. Uwanja mzima ni lango, na wachezaji wote sita ni walinzi. Mtu akisema "tumefungwa", akili yake huuliza mara moja, "Nani kafungwa?" Swali hilo katika mchezo huu mara nyingi halina jibu. Kitenzi kinachofaa ni kupoteza alama, au kushindwa ikiwa tunazungumza juu ya mchezo mzima.

Aidha, kushindwa kusichanganywe na kuzidiwa. Tuchukue mfano wa hesabu. Timu inashinda seti ya kwanza kwa 25 kwa 15, inapoteza ya pili kwa 23 kwa 25, inashinda ya tatu kwa 25 kwa 14, inapoteza ya nne kwa 22 kwa 25, na ya tano, inayoishia alama 15, inaipoteza kwa 13 kwa 15. Msomaji akijumlisha ataona kwamba timu iliyoshindwa imepata alama 108, na iliyoshinda imepata 94. Timu hii imeshindwa bila kuzidiwa. Imezidi kwa alama 14, lakini ilikosa zile chache za mwisho wa seti zilizobana. Anayesema "wamezidiwa" anaeleza jambo ambalo halikutokea, na anayesema "haiwezekani wenye vipaji washindwe hivi bila mkono wa mtu" anatafuta mchawi mahali ambapo hesabu inatosha.

Neno la pili ni seti. Hapa tatizo limetokana na neno la kigeni lililoingia mara mbili kwa milango tofauti. Seti ni sehemu ya mchezo, kama tulivyokwisha kulitumia hapo juu. Lakini wachezaji huita seti pia ule mguso wa pili, ambapo mmoja huuinua mpira taratibu ili mwenzake aupige. Basi shabiki mmoja alipotamka, "Yule ndiye aliyeharibu seti," wa kwanza alielewa kwamba kijana aliinua mpira vibaya mara moja, na wa pili akaelewa kwamba amepoteza sehemu nzima ya mchezo. Tuhuma ya kuuza mchezo ilianzia katika sentensi ya namna hiyo. Ingekuwa vigumu kuizua kama maneno yangekuwa mawili.

Pametolewa pendekezo kwamba mguso huo uitwe maandalizi, na mchezaji wake mwandalizi. Pendekezo hili linavutia kwa kuwa ni la Kiswahili, lakini halifai. Maandalizi ya timu ni mazoezi yake ya kabla ya mashindano, na mwandalizi wa mashindano ni yule anayeyagharimia na kuyapanga. Tukilipokea tutakuwa tumeondoa utata mmoja na kuingiza mwingine. Kwa maoni yetu, neno liko tayari midomoni mwa watu. Mama hutenga chakula, yaani hukiweka mahali pake tayari kuliwa. Watangazaji wa mpira wa miguu nao husema fulani amemtengea mwenzake, yaani amempa mpira ukiwa tayari kupigwa. Mguso wa pili wa mpira wa wavu ni kutenga kwa maana hiyohiyo. Basi tendo liwe kutenga, mpira huo uwe mtengo, na mchezaji awe mtengaji. Na seti ibaki kuwa sehemu ya mchezo tu, kama magazeti yanavyoitumia.

Neno la tatu ni lile linalohusu mguso wa kwanza, nalo kwa kweli ni neno lisilokuwapo. Mabishano yote tuliyoyasikia yalimtaja mpigaji na mtengaji. Hakuna aliyemtaja anayeupokea mpira ulioanzishwa na wapinzani. Hata hivyo, mwenye macho aliona wazi kwamba vijana wale walipokea vibaya. Mpira ulipotoka katika mikono ya mpokeaji ulikwenda kando, mtengaji akaukimbilia, akautenga akiwa amepinda mgongo, na mpigaji akaupiga ukagonga wavu. Shabiki aliona pigo lililogonga wavu, kisha akarudi nyuma hatua moja akaona mtengo mbaya. Hakurudi hatua ya pili, kwa sababu hatua hiyo haina jina kinywani mwake. Tunapendekeza pokeo, wingi mapokeo ya mpira. Na ikiwa kuna hofu ya kuligonganisha na mapokeo ya jadi, basi litumike pokezi, wingi mapokezi, ambalo limekwisha kuzoeleka.

Mpenzi wa lizombe hamlaumu mchezaji kwa kukosea hatua pale ambapo ngoma yenyewe imepigwa kombo. Analo jina la mpigaji na la mchezaji, naye anaweza kugawa lawama kwa haki. Shabiki wa mpira wa wavu anastahili uwezo huohuo.

Neno la nne ni ukuta. Mashabiki waliwaita hivyo wachezaji wanaoruka mbele ya wavu kuuzuia mpira. Katika mpira wa miguu ukuta husimama ukingoja. Mbele ya wavu ambao kwa wanaume una urefu wa mita 2.43, anayesimama hazuii kitu. Tunapendelea zuio. Pamoja na jina lazima ije fasili, kwa maana palitokea kelele kubwa refa alipowaruhusu wapinzani kuugusa mpira mara nne. "Refa kanunuliwa!" walisema. Lakini tangu mwaka 1976 kanuni za kimataifa hazihesabu mguso wa zuio miongoni mwa ile mitatu. Refa alikuwa sahihi. Istilahi zuio, ikifasiliwa kuwa ni kuugusa mpira wavuni unapotoka kwa mpinzani, mguso usiohesabiwa, ingeweza kuyamaliza magomvi yale papo hapo.

Neno la tano ni libero. Huyu ni mchezaji mwenye jezi ya rangi tofauti, aliyeingizwa katika kanuni za kimataifa mwaka 1998. Kazi yake ni kupokea na kulinda nyuma. Haruhusiwi kuzuia, wala kumalizia mpira ulio juu kabisa ya ukingo wa wavu. Shabiki mmoja mzee alimwita mvivu asiyependa kuruka. Je, tumtafutie jina la Kiswahili? Hatuoni haja. Neno ni la Kiitaliano, matamshi yake hayamshindi Mswahili, na wachezaji wote wanalijua. Si kila neno la kigeni ni adui. Kona na penalti zimekaa nasi miaka mingi bila kumkosesha mtu usingizi. Linalohitajika hapa ni fasili iliyoandikwa mahali ambapo mzee yule anaweza kuisoma.

Neno la mwisho ni kosa. Mwaka huohuo wa 1998 lilifanyika badiliko lingine kubwa. Zamani timu ilipata alama pale tu ilipokuwa ndiyo inayoanzisha mpira. Ukiukosea mpira wa kuanzisha, ulipoteza zamu tu. Siku hizi kila mpira unaokufa ni alama ya upande mmoja au wa pili. Waliojifunza mchezo zamani bado husema, "Si kitu, ni zamu tu imekwenda." Si zamu tu, ni alama, na katika seti iliyofika 23 kwa 23 ni karibu seti yenyewe. Timu yenye mikono mizito hupenda kuanzisha kwa nguvu, na kwa hiyo hukosea mara nyingi. Hapa ndipo alama za vijana wetu zilipopotelea, lakini mashabiki waliokuwa wakihesabu kwa lugha ya zamani hawakuziona zikienda.

Wapo wanaotaka makosa ya namna hii yaitwe makosa ya kujitakia. Tunaonya dhidi ya jina hilo. Kujitakia ni hukumu ya tabia, na anayeanzisha kwa nguvu huenda ametumwa na mwalimu wake afanye hivyo. Istilahi nzuri hutaja tendo bila kumhukumu mtendaji. Liitwe kosa la kuanzisha, na hukumu iachiwe mjadala.

Msomaji anaweza kupinga kwamba maneno hayashindi michezo. Ni kweli, nasi hatudai hivyo. Hata mashabiki wangekuwa na kamusi nzima, vijana wale wangeendelea kushindwa mpaka wajifunze kupokea. Mpinzani mwingine atasema kwamba istilahi hukuzwa na watumiaji wenyewe, na baraza halina la kufanya. Kwa mpira wa miguu hoja hiyo ina uzito, maana watangazaji wa redio waliusimulia mchezo ule kwa Kiswahili miaka mingi, na lugha ikalazimika kukua ili msikilizaji auone uwanja kwa masikio. Mpira wa wavu haukupata bahati ya kutangazwa kiasi hicho. Ndiyo maana Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, halina budi kuusaidia, kwa kufuata utaratibu uleule wa siku zote: kwanza kutazama Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Orodha ya maneno 30 au 40 yenye fasili fupi, iliyopitiwa na waamuzi na walimu wa michezo, ingetosha kubandikwa katika kila shule na chuo.

Tumalizie na neno lililorudiwa kuliko yote katika mabishano yale, yaani kipaji. Neno hili linatokana na kitenzi -pa, na maana yake ni kitu ambacho mtu amepewa. Mashabiki walihesabu alichopewa kila kijana: huyu urefu, yule nguvu ya mkono. Lakini mpira wa wavu ni mchezo ambao mtu haruhusiwi kuushika mpira wala kuugusa mara mbili mfululizo, isipokuwa baada ya zuio. Mpigaji hupiga kile alichopewa na mtengaji, na mtengaji hutenga kile alichopewa na mpokeaji. Anayetaka kujua kwa nini timu imeshindwa na aanze kwa mpokeaji, kisha aje mbele hatua kwa hatua, akiitaja kila hatua kwa jina lake. Kama wapenzi wa timu ya Namtumbo wangekuwa na majina hayo, huenda wangeshindwa vilevile kukubaliana, lakini kijana mmoja asingeachwa abebe peke yake mzigo wa watu sita.