Mizani Ugenini: Mtahiniwa wa Kiswahili Akiingia Darasa la Kichina na Kijapani

Kila mwaka, matokeo ya KCSE yakishatangazwa, mwalimu wa Kiswahili hujiwa na swali ambalo halimo katika karatasi yoyote ya mtihani. Mwanafunzi aliyefuzu vyema humwambia: "Mwalimu, chuoni nataka kusomea Kichina. Sasa Kiswahili changu kitanifaa nini?" Wengi wetu hujibu kwa methali ya mwacha mila, kisha tukanyamaza. Jibu hilo halitoshi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mwanafunzi aliyeiva katika ushairi wa Kiswahili huingia katika somo la lugha za Asia ya Mashariki akiwa na akiba kubwa. Yananuia pia kuonyesha kwamba somo hilo linaweza kuturudishia jambo la kutufaa katika mjadala wetu wa arudhi.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka wa 2005 Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ikawa ya kwanza barani Afrika. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilipata yake mwaka wa 2008. Tangu hapo lugha hiyo imetoka darasani ikaingia mitaani. Ukipita Kilimani, Hurlingham au Westlands utaona mabango ya mikahawa na maduka yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina. Hata ile barabara ya juu inayoishia Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ilijengwa na kampuni ya Kichina. Mwanafunzi wetu basi hajapotoka. Kazi anaiona kwa macho yake.

Hata hivyo, wenzetu walitutangulia. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1961. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Beijing, Seoul na Osaka, na huko wapo waliojifunza kusoma fasihi yetu kwa Kiswahili chenyewe. Je, sisi tunaisoma yao vipi? Aghalabu shairi la Kichina au la Kijapani hutufikia kupitia Kiingereza. Tunapokea tafsiri, na tukiigeuza kwa Kiswahili tunapata tafsiri ya tafsiri. Hapo ndipo hasara ilipo, kwani sifa ambazo sikio la Mswahili lingezitambua mara moja huwa zimekwisha kufutwa njiani.

Tuchukue Kijapani. Shairi fupi liitwalo haiku, ambalo Matsuo Bashō (1644–1694) ndiye mtunzi wake mashuhuri zaidi, lina vipande vitatu vya mizani 5, 7 na 5. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza hutatizika anapoambiwa kwamba neno "hon", yaani kitabu, lina mizani mbili: ho-n. Mtahiniwa wetu hatatizika hata kidogo. Yeye amekwisha kufundishwa kwamba "mtu" ni mizani mbili, m-tu, kwa kuwa konsonanti hiyo inasimama peke yake kama silabi. Vivyo hivyo "Tokyo", ambalo Wajapani hulitamka kwa kuvuta irabu zake, huhesabiwa to-o-kyo-o, mizani nne, kama sisi tunavyohesabu ka-a katika "kaa". Akiba hiyo ina mpaka wake, kwani Kijapani huhesabu pia konsonanti inayokazwa katikati ya neno, jambo ambalo Kiswahili hakina. Lakini mlango umekwisha kufunguka.

Sasa tufike kwenye hoja yenye uzito. Silabi za Kijapani, kama zetu, kwa kawaida huishia kwa irabu. Baadhi ya wanamapokeo wametetea vina kana kwamba vilizaliwa na maumbile ya lugha yenyewe: kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, basi shairi lisilo na vina limekiuka asili ya Kiswahili. Kijapani kinaijibu hoja hii bila maneno mengi. Lugha hiyo ina silabi za namna iyo hiyo, nayo imedumu karne nyingi na ushairi wenye sheria kali za mizani usiodai vina. Ni dhahiri basi kwamba vina ni chaguo la mapokeo yetu. Ni chaguo zuri, lililotupa hazina ya tenzi na tarbia, lakini ni chaguo.

Mgala muue na haki yake mpe. Ushahidi huu hauwapi ushindi wa bure wanamabadiliko pia. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka wa 1974, wako waliodhani kwamba kuacha vina ni kuachana na sheria. Haiku haina vina, ila mizani yake imefungwa, na mapokeo yake yanataka neno la kuonyesha msimu. Kutokuwa na vina si sawa na kutokuwa na arudhi. Mtahiniwa anayeandika "shairi hili ni huru" mara tu akosapo vina, bila kuhesabu mizani wala kutazama urudiaji, amehukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Kichina nacho kina mtego wake. Enzi ya Tang (618–907) ilikuza shairi la mishororo minne, kila mmoja ukiwa na herufi 5 au 7. Mwanafunzi wetu atashangilia: "Hii ni tarbia!" Asifanye haraka. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja, na mara nyingi ni neno zima. Neno letu "sitakutafutia" lina silabi saba: si-ta-ku-ta-fu-ti-a. Neno moja tu, na limekwisha kujaza mshororo mzima wa Kichina wa herufi saba, ambao huenda ungebeba maneno saba. Anayetafsiri mizani kwa mizani atapoteza sehemu kubwa ya maana.

Kinachoweza kuvuka ni usambamba. Katika shairi la Tang la mishororo minane, jozi mbili za katikati hutakiwa kulingana: nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi. Je, ni jambo geni kwetu? Tazama methali "Mchumia juani hulia kivulini". Kuchuma kunakabiliana na kula, jua linakabiliana na kivuli, na kila upande una silabi saba. Mwanafunzi aliyechambua methali hii darasani amekwisha kuandaliwa. Isitoshe, mashairi hayo hupangwa pia kwa toni. Kiswahili hakina toni, lakini Gikuyu na Dholuo zinazo. Lugha ya nyumbani, ambayo shuleni huonwa kama mzigo, hapa inageuka msaada.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili kwa kipindi kimoja. Wakati wa KCSE unapokaribia, mijakaranda ya katikati ya jiji la Nairobi huwa imechanua na kumwaga maua. Wape wanafunzi msimu huo, waambie watunge kwa mizani 5, 7, 5, bila vina. Mfano wa zoezi ni huu:

Maua chini,
kalamu mkononi;
kengele, kimya.

Waulize: mshororo wa pili una mizani ngapi? Asiyehesabu "m" ya "mkononi" atapata sita, na atakuwa amekosea. Kisha waulize ni nani mwenye kalamu, anahisi nini, na kwa nini shairi halisemi. Ndipo waandike shairi hilo kwa lugha ya nathari, kama wanavyotakiwa mtihanini. Watagundua kwamba nathari yao ni ndefu kuliko shairi, na kwamba kila neno walilolazimika kuongeza lilikuwa limeachwa kwa makusudi.

Turudi kwa mwanafunzi aliyeuliza swali. Ajibiwe hivi: nenda kasome Kichina au Kijapani, wala usisomee risiti na mikataba peke yake. Dai fasihi. Usikubali shairi likufikie kupitia lugha ya tatu ilhali sikio lako linaweza kulipokea moja kwa moja. Na siku utakapolitafsiri kwa Kiswahili, utuletee darasani tulihesabu pamoja.