Geuza Mkeka Uone Ukili

Kurasa za wavuti za miaka ya 90 huchekwa sana, na si bure. Rangi zinapiga kelele, maandishi yanawaka na kuzima, kaunta ya kuhesabu wageni iko chini kabisa. Lakini tukizihukumu kwa sura tu, jambo kubwa linatupita: msomaji aliweza kuzifumua akaona zilivyotengenezwa.

Tuanze na vifaa. HTML ya Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, ilikuwa na tagi chache tu: kichwa, aya, orodha, kiungo. Aprili 1993 CERN ikaruhusu yeyote kutumia wavuti bila malipo. Ila kupanga ukurasa kwa safu ilikuwa shida. Basi mafundi wakachukua jedwali, lililokusudiwa kubeba takwimu, wakaligeuza kiunzi cha ukurasa mzima: menyu kushoto, picha ya bahari kulia. Palipotakiwa nafasi, waliweka picha isiyoonekana ya pikseli moja, wakaivuta. CSS ilipotoka Desemba 1996, vivinjari vilichukua miaka kuielewa sawasawa.

Mtu wa Kwale hatashangaa. Ukili husukwa mwembamba, kisha hushonwa kipande kwa kipande mpaka upate upana wa mkeka. Anayetaka kujifunza huugeuza, akafuata mshono. Kivinjari nacho kilikuwa na upande wa pili: unafungua msimbo chanzo, unanakili, unabadilisha jina na picha, unaangalia nini kimeharibika. Wengi walijifunza hivyo, bila darasa. Kwa mtu kama mimi niliyeacha chuo, hilo si jambo dogo.

Tusidanganyane lakini. Majedwali yale yaliwaumiza watu. Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, alisomewa seli baada ya seli, mara nyingi bila mpangilio wa maana. CSS ilitenganisha maandishi na mapambo, na huo ni ushindi wa kweli. Anayetaka turudi kwenye majedwali anaupenda ujana wake, si wavuti.

Lawama yangu ni kwa kilichofuata. Leo mwenye vyumba viwili vya kukodisha Diani, au nahodha wa Msambweni anayetafuta watalii, anajaza fomu kwenye jukwaa la wengine. Ukurasa unapendeza, tena hauchukui muda. Ila ukifungua chanzo unakutana na JavaScript iliyobanwa, majina yamekatwa yakabaki herufi mojamoja. Mashine inaisoma, binadamu hawezi. Na siku masharti ya jukwaa yakibadilika, mwenye vyumba anaondoka na picha zake tu, kwa sababu ukurasa haukuwa wake.

Kijana wa Ukunda ambaye kompyuta yake ni simu ana kizuizi kingine: kwenye menyu ya Chrome ya Android, sehemu ya kuona chanzo haipo. Mlango umebaki mmoja, nao hautangazwi. Andika view-source: kwenye upau wa anwani, kisha anwani yenyewe bila kuacha nafasi.

Hebu anza na info.cern.ch, kwenye nakala ya ukurasa wa kwanza wa wavuti. Utaisoma yote kabla chai haijapoa. Kisha fungua tangazo lolote la nyumba ya kukodisha Diani, uone utafika mstari wa ngapi.