Mabaki ya Mkonge Yalivyogeuzwa Umeme Hale

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha nyuzi, kinachopatikana cha kuuza ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa hiyo kila tani moja ya nyuzi hizo, yaani katani, huacha tani zaidi ya 20 za rojo ya kijani, maganda na utomvu. Ukiuhesabu mmea mzima, pamoja na kisiki na mlingoti, sehemu iliyozoeleka kutumika hupungua hadi kama asilimia 2. Tangu Richard Hindorf alipoingiza mkonge Tanga mwaka 1893, mashamba yalipima nyuzi kwa makini, lakini mabaki yalisukumwa kwa maji hadi mitaroni. Mengine yalirundikwa, mengine yakaishia mitoni.

Hasara yake haikuwa uchafu wa macho tu. Utomvu wa mkonge una asidi na sukari, na ukiingia mtoni vijidudu vinavyouozesha humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Lundo nalo, kwa kuwa ndani yake hakupiti hewa, hutoa methani. Uzito uleule wa gesi hiyo hupasha anga joto takribani mara 28 zaidi ya kaboni dioksaidi katika kipindi cha miaka 100. Lakini methani ni fueli, na viwanda vilivyokuwa vikinunua umeme vilikuwa vikiiacha ipotee hewani.

Huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani Limited ilishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda (UNIDO), mfuko wa kimataifa wa bidhaa ujulikanao kama CFC, na serikali ya Tanzania kujenga mtambo wa majaribio wa bayogesi wa kilowati 150, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Uamuzi wa maana kuliko yote ulikuwa kuuweka karibu na korona. Mabaki haya kwa sehemu kubwa ni maji, na kuyasafirisha kwa lori kungemeza faida yote ya nishati.

Ugumu wa kwanza katika kazi ya namna hii ni nyuzi fupi zinazoponyoka kwenye korona. Hujisokota kwenye pampu na vikorogeo na kuvikwamisha, kwa hiyo lazima zitenganishwe mapema. Rojo iliyobaki huvunjwavunjwa na bakteria kuwa asidi, kisha katika tangi lisiloingiza hewa vijidudu vingine huigeuza asidi hiyo kuwa gesi. Makundi haya mawili hayaendi kwa kasi moja. Tangi likilishwa kupita kiasi, asidi hujaa na watengeneza methani hudumaa. Gesi husafishwa kwanza ili salfa isile injini, ndipo izungushe jenereta, na joto la injini laweza kurudishwa kuwapa bakteria vuguvugu wanalolihitaji.

Kilowati 150 ni kidogo mno mbele ya megawati 21 za kituo cha umeme wa maji cha Hale, jirani yake kwenye Mto Pangani. Kuulinganisha mtambo na kituo hicho, hata hivyo, ni kuukosea. Kipimo chake cha haki ni mahitaji ya kiwanda chenyewe, kwa sababu korona, pampu na brashi za kusafishia nyuzi hula umeme kila siku ya kazi.

Mwishoni hubaki tope lenye kalisi na potasiamu, madini ambayo mkonge huyanyonya kwa wingi kutoka ardhini. Likirudishwa shambani huilisha tena ardhi iliyochoshwa na mavuno, na pengine hapo pana faida ya kudumu kuliko hata umeme.

Kinachoamua yote ni mfululizo wa malisho. Korona ikisimama kwa ubovu au kwa kukosa majani, bakteria nao hukosa chakula. Kiwanda kinachotaka kufuata njia hii kisianze kwa kununua jenereta. Kianze kwa kupima mabaki yake kila siku, mwaka mzima, masika na kiangazi.