Mpaka au Ukingo? Uhakiki wa Istilahi za Hisabati ya Juu kwa Kuzingatia Matumizi ya Vurra

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, mjadala umehusu zaidi walimu na vitabu vya shule. Istilahi za hisabati ya juu nazo zinahitaji uhakiki, kwa kuwa neno lisilofaa huweza kupotosha nadharia nzima. Makala haya yanahakiki maneno mawili: "mpaka" na "upanuzi".

Nadharia inayohusika huuliza hivi: funksheni ikijulikana kwenye pembizo tu za eneo, je, ipo funksheni holomofiki, yaani yenye derivativi changamano katika kila nukta ya ndani, inayoafikiana nayo? Kwa kibadilika kimoja, jibu laweza kuwa hapana. Kwenye duara lenye nusu kipenyo 1, mwenza wa namba changamano z ni sawa na 1/z, nayo haina thamani kwenye kitovu. Kwa vibadilika viwili au zaidi hali hubadilika. Mwaka 1906 Friedrich Hartogs alionyesha kwamba funksheni holomofiki inayozunguka tundu lililofungika hujaza tundu hilo, mradi sehemu iliyobaki imeungana. Mwaka 1943 Salomon Bochner aliendeleza hoja hiyo kwa funksheni za pembizoni zinazotimiza masharti maalumu.

Neno "mpaka" lina kasoro mbili hapa. Kwanza, ni nomino na pia kihusishi, hivyo mwanafunzi hukutana na sentensi kama "funksheni ni endelevu mpaka mpakani". Pili, mpaka una pande mbili. Vurra, kwenye barabara ya Arua kuelekea Aru, mpaka ni forodha inayotenganisha Uganda na Kongo, ilhali Walugbara wanaishi pande zote mbili. Msomaji wa huko husikia utengano. Nadharia, kinyume chake, huzungumzia kingo ambazo ni za kitu kimoja na zinazotawala kilichomo ndani. "Ukingo", kama ukingo wa mtungi, hubeba maana hiyo.

"Upanuzi" nao huelekeza fikra nje, ilhali hapa maarifa huelekea ndani. "Uendelezaji" hugongana na "endelevu". "Uenezaji wa ndani" ni mrefu zaidi, lakini husema kinachotendeka.

Pendekezo hili lina gharama. "Mpaka" umezoeleka, na "ukingo" huleta taswira ya mstari mwembamba, ilhali ukingo wa tufe katika vibadilika changamano viwili una vipimo halisi vitatu. Kwa hiyo istilahi lazima iambatane na fasili. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kufasili neno finyu kuliko kusahihisha neno linaloelekeza upande usio wake.

Udhaifu mkubwa uko katika utaratibu: neno likiwekwa kwenye orodha likiwa peke yake, kasoro zake hazionekani. Watunga sera wanashauriwa kwamba kila istilahi ijaribiwe kwanza ndani ya tamko kamili la nadharia, mbele ya walimu wa hisabati wa maeneo kama Vurra na Koboko, ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Istilahi isiyostahimili sentensi moja ya nadharia haifai kusanifishwa.