Feni ya Flettner, Fundi wa Hewa Juu ya Behewa

Nimeipuliza kwa mdomo, ikazunguka! Pumzi moja ndogo, ya kupoza chai tu, na rota nzima ikaamka, ikashika mwendo, ikaendelea kuzunguka mimi nikiwa nimeshaishiwa pumzi. Sina namna ya kuyaandika haya kwa utulivu. Kwa miaka nimekitazama kidude hiki kwenye picha, kile kibonge cha duara kinachokaa juu ya paa la behewa, nikijua jina lake na nani alikiunda. Leo kipo mezani mbele yangu, kimefunguliwa skrubu zote, na naweza kupitisha vidole kati ya mapanga yake.

Hii ndiyo feni ya Flettner. Kazi yake ni kunyonya hewa iliyovunda ndani na kuitupa nje, na anayeizungusha ni upepo. Niliyoishika ni mpya kabisa. Wapenda reli wa mji mmoja wa Ujerumani wameinunua ili waifunge juu ya behewa la zamani wanalolikarabati, lile ambamo mafundi wao hulala wakiwa safarini. Nje ya karakana yao, relini, limesimama behewa la barafu la miaka mingi lenye jamaa wa feni hiyohiyo paani, wazee walioliwa na kutu, na nikawa natoka nje kumtazama babu kisha narudi ndani kumtazama mjukuu. Umbo ni lile lile!

Sasa tuingie ndani, maana uzuri wenyewe uko huku. Juu kuna vipande viwili vya mwili wa duara, kila kimoja nusu ya bomba. Chukua pipa la mafuta, lipasue katikati kwa urefu, kisha sogeza nusu moja upande ili ukitazama kutoka juu uone umbo la herufi S. Hiyo ndiyo rota. Watu wengi wamejenga vinu vya upepo vya kupandisha maji kwa njia hiyohiyo, kwa pipa halisi na msumeno. Chini ya rota kuna sahani yenye mapanga mafupi yaliyopangwa kuzunguka ukingo, na vyote viwili vimekaa kwenye mhimili mmoja wenye beringi. Rota ikizunguka, mapanga yanazunguka nayo na kuirusha hewa kwenda pembeni. Nafasi inayobaki katikati inavuta hewa kutoka chini, kupitia tundu la paa, kutoka kwenye vifua vya waliomo ndani. Hesabu ya vipande vinavyosogea ni kimoja. Kimoja!

Kwa nini inazunguka badala ya kuyumba tu? Kwa sababu upepo hauzisukumi nusu mbili sawasawa. Nusu iliyoelekeza tumbo lake kwa upepo inaudaka. Iliyoelekeza mgongo inautelezesha. Wanaopima mambo haya hutumia namba inayoonyesha ukinzani wa umbo dhidi ya hewa: nusu ya bomba iliyofumbua mdomo kwa upepo ina takriban 2.3, iliyogeuza mgongo ina takriban 1.2. Karibu mara mbili! Tofauti hiyo ndiyo mshahara wote wa mashine. Kisha kuna ujanja wa ziada ambao sikuuelewa hadi nilipoingiza kidole katikati: nusu hizi mbili hazikufungwa pamoja, zimeachiwa upenyo. Upepo uliodakwa na nusu ya kwanza unapita kwenye upenyo na kwenda kuisukuma nusu ya pili kutoka upande wa ndani. Hewa ileile inalipa mara mbili.

Na hapa ndipo reli inapoingia. Rota hii haijali upepo unatoka wapi. Kaskazini, kusini, mbele, nyuma, ubavuni, kwake yote ni mamoja, na huzunguka upande uleule daima. Behewa linakwenda mjini likitanguliza kichwa kimoja na kurudi likitanguliza kingine. Kifaa chochote chenye mdomo wa mbele kitakuwa fundi hodari wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi kitageuka mkosaji, kikiwamwagia abiria vumbi, mvua na, enzi za injini za mvuke, masizi na cheche. Feni ya Flettner haina mbele. Treni ikitembea, mwendo wenyewe ndio upepo. Treni ikisimama kwenye kituo kidogo kisicho na mti, upepo wa uwandani unashika zamu. Nimejaribu kuizunguka meza nikiipuliza kutoka kila upande, na kila mara imeitika.

Abiria anahitaji haya kuliko anavyodhani. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mwanakemia wa München aliyeweka msingi wa elimu ya afya ya makazi, alipendekeza kipimo cha hewa ya ndani: gesi ya kaboni dioksidi isizidi sehemu 1 katika 1,000. Chukua chumba cha behewa la zamani la Ulaya, watu wanane wakitazamana, mita za ujazo kama 9 hivi. Mtu aliyetulia hutoa karibu lita 18 za gesi hiyo kwa saa. Wanane wanatoa lita 144. Funga mlango, funga dirisha, na kipimo cha Pettenkofer kinavukwa baada ya dakika mbili na kitu. Dakika mbili! Hata kiberiti cha pili cha msafiri mvuta sigara hakijawashwa. Nimeirudia hesabu hiyo kwenye karatasi, na kila nikiirudia naona feni hii si pambo la paa hata kidogo.

Historia yake nayo ni tamu. Anton Flettner, aliyezaliwa 1885, alikuwa Mjerumani aliyeanza kama mwalimu wa hesabu na fizikia na kuishia kuunda helikopta. Ile Kolibri ya Vita Kuu ya Pili ni yake. Katikati ya miaka ya 1920 jina lake lilivuma kwa sababu ya meli isiyo na matanga. Iliitwa Buckau, na sitahani mwake zilisimama nguzo mbili nene zinazozunguka. Nguzo inayozunguka kwenye upepo husukumwa kwa ubavu, kwa nguvu ileile inayoupinda mpira wa adhabu ndogo ukazunguka ukuta wa mabeki na kuingia pembeni mwa goli. Ikiwa imepewa jina jipya la Baden-Baden, meli hiyo ilivuka Atlantiki na kufika New York mwaka 1926. Lakini nguzo zake zilihitaji injini ya kuzizungusha.

Huko Finland, Sigurd Savonius aliitazama nguzo ya Flettner akauliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko majibu mengi: je, upepo wenyewe hauwezi kuizungusha? Akaipasua nguzo katikati, akazisogeza nusu zake, akapata ile S. Meli hazikuichukua. Flettner ndiye aliyeichukua rota ya Savonius, akaiweka juu ya feni, na kifaa kilichozaliwa hapo kikaingia sokoni kwa jina lake. Wazo lilitoka kwa mmoja, likaenda kwa mwingine, likamrudia wa kwanza likiwa na umbo jipya. Savonius alifariki 1931, mwaka uleule alioandika makala yake kuhusu rota ya S na matumizi yake katika jarida la wahandisi wa Marekani. Kampuni yenye jina la Flettner ingali inatengeneza feni hizi Uingereza, na mjukuu wa babu yule wa nje ndiye huyu aliyeko mezani.

Turudi kwa babu, kwa sababu behewa la barafu ndilo lililonifanya nibaki karakanani hadi giza. Kabla ya mitambo ya kupoza kuenea, samaki, nyama na matunda vilivuka Ulaya kwa barafu. Mapande yalishushwa kupitia milango ya paani hadi kwenye matangi ya ncha mbili za behewa, na kila kilo ya barafu ilimeza kilojuli 334 za joto katika kuyeyuka tu. Akiba kubwa ya ubaridi hiyo! Shida ni kwamba ubaridi ulikaa pale pale ncha za behewa. Hewa baridi ni nzito, inalala chini, na makreti ya katikati yanaendelea kuchemka, kwa maana matunda yanapumua na kutoa joto lake yenyewe hata baada ya kuchumwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mabehewa mengi ya Ulaya yaliyofanya kazi hiyo, yakiwemo ya Interfrigo, shirika la reli nyingi lililoanzishwa 1949 kwa ajili ya mizigo ya baridi, yalivishwa feni za Flettner paani. Huko hazikutupa hewa nje. Ziliizungusha humohumo ndani, zikaipitisha kwenye barafu na kuirudisha kwa shehena. Upepo wa nje ukasambaza ubaridi wa ndani bila tone la mafuta.

Wamarekani walipambana na tatizo hilohilo kwa feni zilizozungushwa na magurudumu ya behewa. Werevu, sikatai. Ila gurudumu likisimama, feni inasimama, na behewa la mizigo hukaa yadi likisubiri injini kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Feni ya Flettner pale yadini inaendelea kula upepo wa jioni. Kwangu hiyo inaipa ushindi wa wazi.

Mshindani anayenipa taabu zaidi ni kile kitoahewa kisichosogea kabisa, chenye umbo la topido, kilichopangwa kwa safu juu ya mabehewa ya Uingereza na ya nchi nyingi zilizojengewa reli na Waingereza. Hewa inayopita juu yake kwa kasi hupunguza shinikizo mdomoni mwake na kuvuta ya ndani, kanuni aliyoandika Daniel Bernoulli mwaka 1738. Hakina beringi, hakihitaji grisi, hakiharibiki. Nakiheshimu. Lakini kinategemea sana mwendo wa treni, na treni iliyosimama ndiyo iliyojaa joto na harufu. Hapo ninataka kitu kinachozunguka.

Kuna ndugu mwingine ambaye wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanamwona kila siku: yale matufe ya bati yanayozunguka juu ya magodauni na viwanda. Watu huyachanganya na feni ya Flettner, na ni kosa. Katika tufe la godauni, mapanga yaleyale yanayodaka upepo ndiyo yanayotoa hewa. Katika Flettner kazi zimegawanywa: rota ya juu inatafuta nguvu, sahani ya chini inafanya kazi. Kwa hiyo kila sehemu iliundwa kwa ajili ya jambo lake moja, nayo ikabaki fupi, nene, tayari kupita chini ya madaraja na ndani ya mahandaki ambako urefu wa kila kitu kilichoko paani huhesabiwa.

Upungufu upo. Siku ya hewa tuli kabisa, treni imesimama, haifanyi lolote, na hiyo huwa siku ya joto kali. Haina akili ya majira: usiku wa baridi itawanyang'anya abiria joto walilolilipia, isipokuwa iwe na kifuniko cha kuziba tundu kutoka ndani. Beringi ikikosa matunzo inalia, na mtu aliyelala chini yake ataisikia. Na kwa treni za kasi za leo haifai hata kidogo, kwa sababu mabehewa yake yamezibwa ili shinikizo la hewa mahandakini lisiumize masikio. Ndiyo maana imehamia kwenye magari ya mizigo, mabasi, mashua, na magari yanayobeba farasi na mbwa, mahali ambapo mnyama hawezi kufungua dirisha. Nimefurahi kwamba haikufa. Nimefurahi zaidi kwamba hawa watu wameamua kuirudisha juu ya behewa.

Mvua, je? Niliimwagia feni maji, ndoo nzima, wenyeji wakiniruhusu kwa kicheko. Tundu limezungushiwa shingo iliyoinuka, na sahani inayozunguka inarusha matone pembeni kabla hayajalifikia. Karatasi niliyoitandika chini ilibaki kavu.

Kama una behewa, basi la zamani au hata chumba cha magurudumu, nina neno moja la ufundi kabla hujapanda paani na msumeno. Feni hii inatoa hewa. Haiwezi kutoa isichoingiziwa. Mafundi wale walitaka kuifunga halafu waache milango imezibwa kwa mpira pande zote, na tulibishana nusu saa. Mwishowe walichukua chaki, wakachora mistari ya vidirisha viwili vya wavu chini ya vitanda, upande wa mbali na tundu la paa, ili hewa safi iingie miguuni, ipite kwa waliolala, ndipo ipande. Eneo la vidirisha hivyo kwa pamoja lisiwe dogo kuliko tundu la juu. Wataanza kukata Jumamosi, nami nimeshaomba nishike msumeno.